Kodi ya Chumba Kilichofungwa

Neema na Zaituni, wadogo zangu,

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na kidogo, na kila ninayemwambia anacheka. Kustaafu ni kwa walimu na watu wa reli, wanasema. Mtu wa umri wangu anaacha kazi tu. Lakini hilo neno kuacha linanitia wasiwasi, linasikika kama nimetoroka na kitu cha watu. Nimewakabidhi funguo zote, kila moja na kibandiko chake, nikazirudia mbele yenu mpaka Zaituni akapiga miayo. Kwa hiyo naomba mniruhusu kusema nimestaafu. Tumbo langu limechoka kuogopa. Daktari ameita vidonda vya tumbo. Mimi naita fremu za Utemini.

Mliniambia niwaandikie jinsi kazi inavyofanyika. Nimeanza mara nyingi nikachana, kwa sababu mwandiko ulipinda au kwa sababu nilijiona najifanya mwalimu. Safari hii sichani, hata nikikosea.

Nilianza nikiwa msichana wa kidato cha nne ambaye matokeo yake hayakumpeleka popote. Mzee Sungi, ambaye nyinyi mnamfahamu kama mwenye fremu hizi za maduka na mimi nilimfahamu kwanza kama mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeacha minada, alihitaji mtu wa kumwandikia mikataba. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Alinipa kalamu akaniambia niandike jina langu, Pili, na jina la baba yangu. Akakisogeza kikaratasi kwenye mwanga, akakitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu anaandika kama anaogopa kuchapwa. Atafaa."

Siku ya kwanza alinituma kwa kinyozi aliyekuwa amechelewesha kodi. Nilikwenda nyuma ya ukuta nikatapika, nikasukutua na maji ya mtu wa juisi, kisha nikaingia na kusema shikamoo kwa kijana wa rika langu. Aliitikia marahaba bila kusita, akanyoa kichwa mpaka mwisho, akanilipa. Sijawahi kumwambia mtu habari ya kutapika. Nawaambia nyinyi kwa sababu siku yenu ya kwanza nilimwona mmoja wenu akienda nyuma ya ukuta ule ule.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Omari, dalali, ambaye alikaa juu ya kreti la soda mwisho wa safu yetu na kuijua Utemini nzima bila kusimama. Aliniita Mama Kufuli, maana nilikuwa nikivuta kila kufuli, nikiondoka hatua chache, nikirudi kuvuta tena.

"Mama Kufuli, hilo kufuli limekukosea nini?"

"Nahakikisha, kaka Omari."

"Umeshahakikisha. Sasa unalitongoza."

Wapangaji wote walicheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kesho yake nikavuta tena.

Sheria sikusomea popote. Nilijifunza kwa kusoma mikataba ya zamani ya Mzee, nikiona kila sentensi iliandikwa kwa sababu ya mtu fulani aliyewahi kumtesa. Pale panaposema mpangaji haruhusiwi kufuga, ujue palikuwa na kuku. Siku nyingine nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje ya baraza la ardhi, nikajifanya nasubiri kuitwa, nikasikiliza watu wakisimulia kesi zao kabla hawajaingia. Kwenye benchi mtu husema ukweli wote, kisha huingia ndani na kusema nusu. Nilirudi nyumbani kichwa kikivuma, nikiandika nilichosikia, nikilinganisha na nilichosoma kwenye simu. Mpaka leo nikikutana na mtu aliyesomea mambo haya naongea haraka haraka ili asipate nafasi ya kuniuliza.

Vifaa vyangu mnavyo sasa: futi ya fundi, chaki, tochi, kopo la grisi. Grisi muipake kwenye bawaba kabla ya upepo wa mwezi wa saba, kwa sababu vumbi la Singida likikauka ndani ya bawaba mlango wa chuma unalia mtaa mzima, na mpangaji mwenye deni hapendi kufungua mlango unaolia.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye vifaa wala kwenye mikataba, na sijui kama niliandike. Fremu ikiwa tupu, iingieni mchana, saa nane hivi, upepo unapotulia. Fungeni mlango nyuma yenu. Bati zetu zina matundu ya misumari ya zamani, na mwanga unashuka kwa nukta nukta mpaka sakafuni, nukta zinatembea taratibu kadiri jua linavyokwenda. Mimi nilikuwa nakaa chini katikati yake. Nilijiambia nakagua nyufa. Chumba cha kwanza kilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele, cha pili vitenge vipya, na kile cha pembeni kilinuka uji wa ulezi ingawa aliyeuuza alikuwa ameshaondoka zamani na kuolewa Manyoni. Nikikaa sana nilianza kuwaona. Mama wa uji akikoroga, kichwa kikiinama kwa usingizi. Fundi cherehani akinyoosha kitambaa ambacho hakikuwepo. Wateja wakipita katika mwanga ule bila kusema neno, kila mmoja akishika kitu alichokuja kununua mwaka ule. Walikuwa wametulia, wala hakuna aliyedaiwa. Kisha mtu akigonga nilisimama, vumbi nyuma ya sketi, nikisema nyufa ziko mbili.

Sasa niwaambie habari ya Anna, maana ndiyo mliyoiulizia kila mmoja kwa wakati wake, na mitaani inasimuliwa vibaya.

Anna alipanga fremu ya tatu kutoka barabarani. Alifungua duka la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za mifugo, mabomba ya kupulizia. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, kodi ikilipwa kwa mkupuo kila baada ya miezi sita. Mdhamini wake alikuwa kaka yake, Elia, wa bodaboda ya Ilongero na mjini. Elia hakuwa na kitu kingine cha kuweka, akaweka kadi ya umiliki wa pikipiki yake. Mzee aliifungia ndani ya kabati la chumbani kwake. Pikipiki ile ndiyo iliyolisha watoto wa Elia, mama mzazi wa Elia na Anna, na Anna mwenyewe, aliyekuwa akiishi kwa kaka yake. Elia alisaini huku anacheka, akaniuliza kama kwenye jina lake kuna herufi niliyoipenda zaidi, maana niliandika polepole mno.

Mwaka wa kwanza Anna alilipa zote mbili. Mwaka wa pili ulipoanza, wateja wake walikuwa wamechukua mbegu na mbolea kwa mkopo, wengi wao wa mahindi, kisha mvua ikakata mwezi wa kwanza. Mnakumbuka mwaka ule. Alizeti na uwele vilivumilia, mahindi yakasimama mashambani yakiwa makavu kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi. Mwenye mahindi hakuweza kumlipa Anna, na Anna hakuweza kumlipa Mzee.

Duka hufa kabla halijafungwa. Omari ndiye aliyenionyesha. "Angalia maboksi yake," aliniambia. Rafu za Anna zilikuwa zimejaa maboksi mpaka juu, yamepangwa vizuri, maandishi yakitazama mlango. "Yaguse." Niliingia kumsalimia Anna, nikaegemea rafu kama mtu aliyechoka, na boksi likarudi nyuma lenyewe, jepesi, halina kitu. Anna aliniona. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia vumbi.

"Usimwambie babu," alisema. Ndivyo Anna alivyomwita Mzee Sungi.

"Anna, biashara ikifa mkataba haufi nayo. Kila mwezi unaofungua hivi, kodi inaongezeka. Kama umeshindwa, kabidhi chumba. Rudisha ufunguo, tuandikiane."

"Nitamtazamaje mzee wa watu, nimpe ufunguo mkononi bila hata shilingi?"

Na hilo, wadogo zangu, ndilo kosa la watu wetu. Mtu wa mji mkubwa angetupa ufunguo mezani akaondoka. Hapa kwetu kumpa mzee ufunguo mtupu ni kama kumsalimia kwa mkono wa kushoto. Anna alikwenda kwa Mzee mara tatu, kila mara akamkuta na wageni, akasema shikamoo, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu njema, akarudi. Mwezi wa tatu akaweka kufuli lake mlangoni akaenda Ilongero kulima vibarua. Mzee naye hakuuliza. Alisema mtoto mwenye adabu atakuja mwenyewe. Wakakaa hivyo, kila mmoja akimheshimu mwenzake, na kodi ikitembea.

Ufunguo wa moto mnaujua. Mpangaji ananunua kufuli lake, lakini ufunguo mmoja anampa mwenye nyumba, pakitokea moto afungue. Ni desturi ya safu yetu, haimo kwenye karatasi yoyote. Ufunguo wa Anna ulikaa kwa Mzee, umening'inia msumarini.

Mwezi wa nane Mzee aliniita. Alikuwa amekaa uani na redio yake imezimwa.

"Pili. Andika madai ya Anna. Mwaka wote wa pili mpaka mkataba utakapoisha. Kaka yake asipolipa, nauza pikipiki."

"Sawa, mzee."

"Usikosee."

Hakuna neno linalonimaliza kama hilo. Niliandika madai, nikayaandika tena. Kisha nikasema siwezi kudai kodi ya chumba ambacho sijakiona, labda kuna nyufa. Niliuomba ule ufunguo kwa binti wa Mzee, nikafungua fremu ya tatu mchana, nikafunga mlango nyuma yangu kama nilivyozoea.

Nilitegemea harufu ya dawa za mifugo. Nikakutana na harufu ya alizeti, nzito, ya mafuta, kama shamba zima limelala ndani. Magunia yalikuwa yamepangwa toka ukutani mpaka karibu na mlango, na nukta za mwanga zilikuwa zimepanda juu yake zikitembea kwenye mishono. Maboksi ya Anna yalikuwa yamekunjwa vizuri na kuwekwa chini ya magunia ili yasinyonye unyevu. Nilikaa juu ya gunia moja. Kwa muda nilihisi niko ndani ya ndoto ya mtu mwingine, ndoto ya mtu tajiri, alizeti ikipumua pande zote, Anna akitembea kati ya magunia na kitambaa chake akifuta vumbi bila kujua kwamba duka si lake tena. Nilisinzia kidogo. Nilipozinduka nilikuwa nimeshaelewa: magunia ni ya Mzee, mwenye ule ufunguo wa moto.

Nilikwenda kwa Omari. "Magunia ya Mzee yaliingia lini?"

"Alizeti ilipovunwa. Mwezi wa sita mwanzoni. Si ulikuwa umekwenda kumwuguza mama yako Kilimatinde? Mzee alisema chumba kimekaa bure." Alinitazama. "Mama Kufuli, hapana. Usiende kumwambia. Huyo ndiye anayekulipa."

"Nitaandikaje basi?"

"Andika alivyosema."

"Siyo sahihi."

"Mungu wangu," Omari alisema, "mtu atafukuzwa kazi kwa sababu ya usahihi."

Nataka mjue kwamba sikwenda kwa Mzee kwa ujasiri. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kulala na karatasi yenye kosa ndani ya nyumba. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, nikasahau kwamba nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Mzee, nimeingia fremu ya tatu. Nimeona alizeti."

"Ni yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Na chumba ni changu. Kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya. Ila chumba hakiwezi kuwa ghala lako na duka la Anna kwa siku moja. Gunia la kwanza lilipoingia, ulikirudisha mikononi mwako. Toka hapo hadaiwi. Anadaiwa ya nyuma, toka mwaka ulipoanza mpaka alizeti ilipoingia. Hiyo ni haki yako yote, hata duka likiwa limekufa, na Elia ameidhamini. Lakini mdhamini hawezi kudaiwa ambacho dada yake hadaiwi."

Mzee aliivuta redio yake karibu. Kisha akazungumza Kinyaturu, kitu anachokifanya akiwa amekasirika sana au akiwa na huruma sana, na mimi mpaka leo sijui kutofautisha. Alizungumza na redio, siyo na mimi. Mwishoni akasema kwa Kiswahili, "Waite. Na mjumbe aje."

Walikuja siku ya pili yake. Anna alivaa nguo ya kanisani. Elia alikuja na pikipiki ameiosha. Nilipoiona inang'aa vile nilijua amekuja kuiacha, maana mtu huosha hivyo kitu anachokwenda kukikabidhi. Mjumbe wetu wa mtaa, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, alikaa kwenye kreti la Omari bila kumwomba. Tulikaa mbele ya fremu ya tatu, mlango ukiwa wazi na magunia yakionekana. Mzee ndiye aliyetaka uwe wazi.

"Anna," alisema, "kwa nini hukuniletea ufunguo?"

"Nilikuja, babu. Ulikuwa na wageni."

"Mimi nina wageni siku zote. Ungekuja na wewe ukawa mgeni."

"Niliona aibu."

"Na mimi nilikusubiri," alisema Mzee. "Nilikusubiri mpaka nikachoka, nikaingiza alizeti." Akatazama chini. "Ilinipasa nikutumie mtu siku ile. Ningekwambia, mjukuu wangu, njoo uchukue maboksi yako."

Mjumbe akacheka. "Sasa mnadaiana kodi au mnadaiana salamu?"

"Kodi, mama, kodi," Mzee alisema haraka, na sote tukaona ametabasamu. Akanigeukia. "Pili, soma."

Nilisoma. Sentensi ya kwanza niliirudia mara mbili, na Omari, Mungu ambariki, akakohoa kuifunika. Nilisoma mpaka gunia la kwanza, nikakunja karatasi. Elia alikuwa akisubiri niendelee.

"Imeishia hapo?" aliuliza.

"Imeishia hapo."

"Hata hivyo ni nyingi," alisema Mzee. "Msifikiri nimewasamehe. Mtalipa taratibu, wewe Anna ukivuna, na wewe Elia kila Jumamosi, kwa Pili. Kadi ibaki kwangu mpaka mmalize. Pikipiki ibaki barabarani."

Anna alifungua fundo la khanga akatoa ufunguo wake. Aliushika kwa mikono miwili, akapiga goti, akampa Mzee. Kisha akaomba ufagio. Mjumbe akamwambia chumba kimejaa alizeti, atafagia nini? Anna akasema atafagia pale panapoonekana. Akafagia kizingiti na lile eneo dogo mbele ya magunia, polepole, vumbi likipanda kwenye mwanga kama moshi wa jiko la mbali. Baada ya siku ile nikamwomba Mzee tuandike kwenye mikataba yote: mwenye chumba akiingiza mali yake, kodi inasimama siku hiyo; na mpangaji akishindwa, ufunguo unapokelewa hata mkono ukiwa mtupu. Mzee alisaini bila kusoma. Alisema macho yake yana ukungu. Mistari hiyo ndiyo ya mwisho kwenye ukurasa wa pili, na mkiona mtu anaifuta, mnitafute.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya Elia. Watu walipoanza kutawanyika aliiendea pikipiki yake, akaishika usukani, akaitoa kwenye stendi yake. Hakuiwasha. Akaisukuma akitembea kupita fremu yetu ya pili, ya kwanza, akatoka barabarani, akaendelea kuisukuma juani kuelekea njia ya Ilongero, Anna akitembea nyuma yake na maboksi yaliyokunjwa kichwani.

Omari akamfuata hatua chache. "Kaka! Imekufa betri? Nikusukumie?"

Elia alitikisa kichwa bila kusimama. "Ni nzima," alisema. "Mzee bado amekaa pale nje. Nikiiwasha sasa atasikia kama nashangilia."

Tuliwatazama mpaka walipozunguka kona ya mawe. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea barabarani, jinsi wanavyofanya watu ambao macho yao hayaoni mbali. Baada ya muda, kutoka mbali sana, tulisikia injini ikiwaka.